Kiungo Kilichofungwa kwa Ngozi

Ukitaka kumchokoza fundi Nicodemo wa Katesh, mwonyeshe waya wa antena ulioungwa nje ya nyumba na kuviringishwa tepu nyeusi ovyo ovyo. Huyo hatakaa tena. Ataacha chai yake ipoe, atatoa kisu mfukoni, atakata kiungo chako bila hata kukuomba ruhusa, kisha utamsikiliza upende usipende. Wengine hushabikia mpira na wengine hupenda siasa. Nicodemo alipenda viungo vya waya, na aliudhi watu wengi kwa jambo hilo.

Mahubiri yake yalikuwa yale yale. Waya wa antena, alisema, una uzi wa shaba katikati, juu yake plastiki, juu ya plastiki nyuzi nyembamba za shaba zilizosukwa, na mwishoni ganda jeusi. Mahali unapounga waya na waya, ganda limekatika. Mvua ikipata upenyo hapo, zile nyuzi zilizosukwa huyanywa maji kama utambi unavyokunywa mafuta ya taa, na maji yakishaingia husafiri ndani ya waya usiyaone. Dawa yake ni mpira laini unaovutwa mpaka unakuwa mwembamba na kujishika wenyewe, ukawa kitu kimoja. Lazima uanze kuviringisha chini kwenda juu, kama mtu anayeezeka bati, ili tabaka la juu lilalie la chini na maji yateleze. Halafu uache waya uning'inie tumbo kidogo kabla haujaingia dirishani, matone yadondokee pale tumboni. Wenzake katika kikundi walikuwa wameyakariri maneno hayo, na walimwigiza akishageuka.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha redio ya ridhaa, yaani watu wachache wenye leseni zao wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu, bila mshahara. Mwenyekiti alikuwa Evarist, muuza mbegu wa Katesh, mtu mpole mwenye sauti ya kuongoza sala ya novena. Huko bondeni Gehandu alikuwepo Gidahosh, mfugaji, aliyefeli mtihani wa leseni, akaurudia, akafaulu, na tangu hapo akaitundika leseni yake ukutani karibu na mkuki wa babu yake. Mwanzoni walikuwa wakisalimiana na kutaniana. Lakini tangu matope yaliposhuka mlimani Hanang yakafika Katesh, hakuna aliyechukulia mvua ya mlimani kama mchezo, na kikundi kikajipa kazi. Simu za mkononi hukata mtandao pale pale mvua inapochachamaa, redio hizi hazikati. Kwa hiyo walihitaji mtu wa kuutazama mlima.

Mtu huyo alikuwa mama Efrazia wa kijiji cha Endasak, mjane mwenye shamba la mahindi na maharage juu kwenye mteremko. Zamani alikuwa mhudumu wa zahanati, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuita gari la wagonjwa kwa redio ya mawasiliano ya zahanati, uchungu wa mzazi unapokuwa mbaya. Simu zilipoingia, ile redio iliondolewa, naye aliisikitikia kama mtu aliyehamwa na jirani mwema. Kikundi kilipoanza, alikuwa wa kwanza kuomba kufundishwa. Kila alasiri sauti yake ilisikika mpaka Gehandu, imenyooka, haina haraka: "Endasak hapa. Mlima uko wazi. Ova." Korongo linalopita bondeni kwa Gidahosh hutokea juu huko kwake, na yeye ndiye aliyeliona likianza kubadilika rangi. Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Mama Efrazia akiita kwamba maji yanashuka, Gidahosh anapandisha ng'ombe. Asipoita, njia ni salama.

Antena ya mama Efrazia ilifungwa na Nicodemo mwenyewe. Mwisho wa kiangazi alikwenda kuurefusha waya wake, na siku hiyo hiyo mjukuu wa mama Efrazia alikuwa amepokea kipaimara. Nyumba ilijaa watu, dume la ng'ombe lilikuwa limechinjwa, na harufu ya nyama ilimfuata fundi mpaka juu ya ngazi. Alichomelea kiungo vizuri, hilo halina ubishi. Alipoingiza mkono kwenye begi kutafuta ule mpira laini, akakuta gurudumu tupu la plastiki. Mpira ulikuwa umeishia kwenye antena yake mwenyewe nyumbani, ambako alikuwa ameviringisha mara mbili zaidi ya inavyohitajika, kwa kujionyesha.

Angeweza kukiacha kiungo kile bila kukifunika, akarudi siku nyingine. Lakini kiungo kingekaa wazi, na mama Efrazia alikuwa ameshapita chini ya ngazi akimwita aje kula. Hapo jicho lake likaangukia ngozi ya lile dume, imewambwa uwanjani, bado mbichi. Baba yake Nicodemo alikuwa akifunga mpini wa jembe uliopasuka kwa ukanda wa ngozi mbichi. Nusu ya vitu vya nyumba za huku, kuanzia vigoda mpaka mipini ya shoka, vimeshikwa na ngozi iliyofungwa ikiwa mbichi na kukaukia pale pale, ikajikaza kushinda waya. Akakata ukanda pembeni, mahali ambapo hapangeonekana, akauviringisha kwenye kiungo. Jua lilikuwa kali. Alipomaliza kula na kurudi, ukanda ulikuwa umekaza kweli kweli. Kisha, kwa kuwa aliona aibu, akaufunika kwa tepu nyeusi ya kawaida ili mtu asijue. Akajiambia ni kwa wiki moja tu.

Mpira mpya ulikuja kwa basi kutoka Arusha. Ulikaa kwenye rafu ya dukani kwake, mbele ya macho yake, karibu na ving'amuzi vinavyosubiri kutengenezwa. Kila alipouona alisema nitakwenda Endasak Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na mnada, Jumamosi nyingine kulikuwa na msiba, na kwa kuwa sauti ya mama Efrazia iliendelea kusikika safi kila alasiri, roho yake ikazoea. Sitamtetea. Alijua kabisa anachokifanya, na alikuwa akiwahubiria wengine wakati huo huo.

Mvua za kwanza za masika zilinyesha kidogo kidogo. Siku ya pili yake sauti kutoka Endasak ilikuja na mkwaruzo, nyembamba, kama mtu anayeongea huku anakaanga kitu. Paskalina, mke wa Nicodemo, alikuwa akichambua mchele pale dukani. Akauliza sauti ya mama Efrazia imekuwaje. Nicodemo alimjibu kwamba ni mawingu tu. Mawingu hayafanyi hivyo, na fundi huyu alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima ya Hanang. Aliusikia mkwaruzo ule akajua ni maji, na akakaa kimya, akapanga kwenda baada ya mnada.

Kesho yake mlima ulifunikwa mapema. Gehandu jua lilikuwa likiwaka. Gidahosh aliwasha redio yake alasiri, akasubiri, akasikia mvumo mtupu. Akauliza Endasak wanaonaje mlima. Mvumo. Akahesabu kama walivyokubaliana, kwamba asiyeita hana neno, akashusha ng'ombe kunywa kwenye mchanga wa korongo. Maji yalifika yakiwa na magogo ndani yake. Majirani walimtoa Gidahosh mwenyewe kwa kamba, mguu umevunjika, lakini zizi lake jioni hiyo lilikuwa kimya. Ndama walikwenda wote, na mitamba mingi pamoja nao.

Mama Efrazia aliapa kwamba aliita. Alisema aliona korongo linageuka jekundu, akaita mpaka sauti ikakauka, na kwamba alimsikia Gidahosh kwa mbali akimuuliza mlima vipi, akamjibu, akamjibu tena, na Gidahosh akaendelea kuuliza kama mtu asiye na masikio. Watu walimsikiliza kwa adabu kisha wakaenda kusema yao. Mmoja alisema siku ile kulikuwa na pombe kwa jirani yake. Mwingine alisema mama amezeeka, amelala akaota kwamba ameita. Wanawake aliokuwa akipalilia nao walianza kupalilia upande mwingine wa shamba. Evarist akatangaza kwamba Jumapili baada ya Misa kikundi chote kitapanda Endasak kuikagua redio, na kama ina kosa, basi kosa ni la redio.

Nicodemo aliposikia hivyo hakulala vizuri, na Jumamosi akawasha pikipiki na kupanda peke yake, matope mpaka magotini. Mama Efrazia alikuwa shambani. Fundi akaegemeza ngazi, akapasua ile tepu nyeusi kwa kisu. Ngozi ilikuwa imevimba na kulainika kama utumbo uliochemshwa, inanuka, imeshikilia maji kifuani mwake kama sponji. Alipolegeza kichwa cha waya, kile kipande cha kuungia waya na waya, maji yalimtiririkia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Alikaa juu ya ngazi ameushika waya ule kwa muda, na kitu pekee alichoweza kufikiria ni sauti ya mama yule akimjibu Gidahosh, akamjibu tena.

Sasa hapa ndipo nashindwa kumwelewa mtu huyu, ingawa pengine namwelewa mno. Angeshuka na kiungo kile kama kilivyo, akakiweka mezani kesho yake, kila mtu angekiona na mama angesafishwa jina. Badala yake alifanya kazi. Alijiambia mvua itanyesha tena leo, watu wa bondeni wanahitaji redio, na jambo hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana likamdanganya vizuri. Akaukata waya mpaka akafika kwenye shaba inayong'aa, akachomelea kichwa kipya, akauvuta ule mpira wa Arusha mpaka ukawa mwembamba, akaanza chini kwenda juu, tabaka juu ya tabaka, akaacha tumbo la waya pale dirishani. Hajawahi kufunga kiungo kizuri kama kile. Ukanda wa ngozi alioudondosha chini mbwa wa nyumbani aliuchukua, akaenda nao nyuma ya banda, akautafuna wote. Kichwa cha zamani chenye kutu Nicodemo alikitupa chooni kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Efrazia alimkuta anashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuta nini huko juu?"

"Hakuna kitu. Nimekaza kaza tu."

Mama aliitikia kwa kichwa. Akamkaribisha ndani, akamtilia maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa, akakaa naye. Alikuwa amekonda usoni. Kisha akavuta kiti karibu na redio, akamwomba jambo ambalo Nicodemo angetoa chochote asiombwe.

"Nionyeshe tena kitufe cha kusemea," alisema. "Labda nilikuwa nakibonyeza vibaya. Kidole hiki siku hizi kinatetemeka."

Nicodemo akamshika kile kidole, akakiweka kwenye kitufe, akamwonyesha. Kisha akamaliza maziwa yake, akaaga.

Jumapili walipanda wote. Gidahosh aliletwa kwa pikipiki, mguu wake umefungwa ubao, magongo mapajani. Mkewe alibaki Gehandu na redio yao. Evarist akakaa kwenye kiti cha mama Efrazia, akabonyeza, akaita, na Gehandu ikajibu papo hapo, sauti safi kiasi kwamba walisikia kuku wa kule wakilia. Wakajaribu tena na tena. Evarist alitoka nje kukitazama kiungo, akakisifu, akasema hata mvua ya gharika haiingii hapo. Kisha akarudi ndani na kusema kwa ile sauti yake ya novena kwamba redio ni nzima, na kwa hiyo wote wameelewa. Hakumgombeza mama. Alisema umri ni umri, na kwamba kikundi kingeona vema redio ikakae kwa Modest, nyumba ya tatu kutoka hapo, mwenye macho mazuri.

Nicodemo alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mama Efrazia akitegemea atabisha, kwa sababu kama mama angebisha, yeye fundi angepata nafasi ya kuendelea kunyamaza. Mama hakubisha.

"Labda ni mimi," alisema. "Naona niliita. Lakini labda sikuita. Nisamehe, Gidahosh."

Gidahosh alitazama magongo yake. Hapo Nicodemo akajikuta ameshafika katikati ya chumba. Akasema yote. Alisema kuhusu mpira ulioisha, ngozi ya dume la kipaimara, tepu nyeusi ya kuficha, mkwaruzo alioujua na kuuita mawingu, na jana yake alivyofungua, akakuta maji, akatengeneza upya. Alisema kwa haraka, jasho linamtoka, na alipomaliza alijisikia kama mtu aliyetua gunia. Alingoja wamshukie.

Walimtazama kwa upole. Evarist aliuliza hiyo ngozi iko wapi. Nicodemo akasema imeliwa na mbwa. Mtu mmoja akaguna. Evarist akauliza kile kichwa cha waya chenye kutu, nacho kiko wapi. Nicodemo akasema kiko chooni. Sasa wakacheka, wala si kwa ubaya, walicheka kama mnavyocheka na mtu mnayempenda.

"Fundi," alisema Gidahosh, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo siku hiyo, "mimi nimepoteza ng'ombe, usinifanye mtoto. Wewe ulipanda pikipiki kutoka Katesh mpaka kwangu kukata kiungo changu kwa sababu nilianza juu kwenda chini. Leo uniambie ulifunga kwa ngozi. Unamwonea mama huruma. Ni vizuri. Lakini usiseme uongo mbele ya watu waliotoka kupokea komunyo."

Nicodemo aliapa. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kumpenda. Evarist alimshika bega akasema laiti kila mzee angekuwa na rafiki wa kumbebea aibu hivi, kisha akaanza kupiga makofi taratibu, na wengine wakafuata. Wakachomoa redio na betri, wakaishusha na antena, wakavibeba kwenda kwa Modest ambako chai ilikuwa tayari. Gidahosh alipokuwa akipandishwa kwenye pikipiki alimpa Nicodemo mkono.

Ndani wakabaki wawili. Mezani pale redio ilipokuwa palionekana mraba usio na vumbi. Nicodemo alisimama akiushika mkanda wa kofia yake ya pikipiki, hajui aende au akae. Mama Efrazia hakucheka wakati wengine wakicheka, na hakupiga makofi.

"Ulipofungua," aliuliza, "maji yalikuwamo?"

"Yalikuwamo, mama. Yalinimwagikia mkono mzima."

"Kwa hiyo nilikuwa naita."

"Ulikuwa unaita."

Akakaa kwenye kiti, akaweka mikono miwili juu ya meza tupu. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yaende. Nicodemo alipiga magoti, akataka kuomba msamaha, lakini mama aliinua mkono akamzuia.

"Jana nilikuuliza kuhusu kidole changu," alisema. "Ukakishika. Ukanionyesha."

"Ndiyo, mama."

"Nimekesha usiku mzima nikikitazama kidole hiki."

Fundi aliona haya, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ngozi hakujitafutia sababu. Nje, kutoka kwa Modest, walisikia redio ikiwashwa na watu wakicheka.

"Inuka," mama Efrazia alisema. "Nenda kawaambie tena."

"Hawaniamini, mama."

"Mimi pia hawakuniamini. Nenda. Na kesho uende Gehandu umwambie Gidahosh nyumbani kwake, mbele ya mke wake. Na Jumapili uwaambie tena kanisani. Uwe unawaambia mpaka waamini."

Nicodemo akainuka, akapangusa magoti, akashika njia ya matope kwenda kwa Modest. Walipomwona anaingia uwanjani, walisimama wote na kuanza tena kumpigia makofi.